Haijatembea Kongo

Leo nawaletea uhakiki wa kitu ambacho hatuna desturi ya kukihakiki: tangazo la kuuza gari. Tunahakiki vitabu, filamu, nyimbo, hata mahubiri ya Jumapili. Lakini maandishi tunayoyasoma mara nyingi kuliko yote kwenye simu zetu ni matangazo: inauzwa hii, inauzwa ile, bei tutaongea. Yanatufundisha bei ya vitu na, pole pole, bei yetu sisi wenyewe, bila kujua kama tuko darasani.

Nianze na mfano wa mbali, kisha nitarudi kwetu Oicha.

Mwezi wa Januari 2020, huko Marekani, gari moja ya Datsun 240Z ya mwanzo wa miaka ya 1970 iliuzwa dola 310,000 katika mnada wa intaneti wa Bring a Trailer. Soma tena hiyo namba. Si Ferrari, si Rolls-Royce. Ni Datsun! Ilipoingia madukani Marekani mwaka 1970, bei yake ilikuwa dola 3,526. Hata ukipandisha hiyo pesa kufuatana na maisha yalivyopanda, unafika kama dola 23,000 za mwaka 2020. Mnunuzi alilipa zaidi ya mara kumi na tatu ya hapo. Alilipia nini?

Sifa kubwa ya ile gari ilikuwa kwamba haikufanya kazi. Ilikuwa imetembea maili elfu ishirini na moja na kidogo, yaani kama kilomita 34,000, kwa muda wa karibu miaka hamsini. Gawanya mwenyewe: haifiki kilomita mbili kwa siku. Mama wa Oicha anayetoka shambani na mzigo wa mihogo mgongoni anapita hapo kila siku kwa miguu yake, na hakuna mnada unaomngoja.

Sasa, mhakiki mwenye haki anaanza na mazuri. Matangazo ya namna hii, ya magari ya zamani yanayouzwa kwa wapenzi wake, yana adabu fulani ambayo sisi tumeikosa. Picha ni nyingi sana. Wanapiga picha hata chini ya gari, mahali kutu inapojificha, na kwa 240Z hilo si jambo dogo, maana ile gari inajulikana kwa kuliwa na kutu. Wanaonyesha namba ya motere na namba ya bodi ili uone kama ni za gari moja. Wanataja kiti kilichopasuka, saa isiyofanya kazi, rangi iliyopakwa upya. Muuzaji anaficha kidogo kwa sababu anajua wasomaji wake ni wakali. Nikilinganisha na yale ninayoyaona huku, picha moja iliyopigwa jioni baada ya gari kuoshwa, naona tuko na kitu cha kujifunza.

Lakini ukweli wa kila sentensi hautoshi kufanya andiko zima kuwa la kweli. Mtu anaweza kusema ukweli kuhusu kila msumari na bado akakudanganya kuhusu nyumba. Hapo ndipo uhakiki wangu unaanza.

Tangazo la gari ya zamani ya spoti linasimama juu ya wazo moja: thamani ni kutoguswa. Kilomita chache, mikono michache, mvua chache. Ukimuuliza kwa nini basi 240Z iliyolala inashinda gari zingine nyingi zilizolala vile vile, atakujibu: kwa sababu ni 240Z, ni jina. Haya, jina hilo lilitoka wapi? Halikutoka gereji.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Gari ilionyeshwa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa kiongozi wa Nissan huko Marekani, hakulitaka jina hilo kwa soko lake, na huko ikauzwa kama 240Z: 240 kwa sababu ya motere ya lita 2.4, silinda sita. Viti viwili, pua ndefu, mlango wa nyuma wa kufunguka juu. Kwa mtu aliyetamani Jaguar au Porsche lakini mshahara haukuruhusu, hii ilikuwa njia ya kuingia. Ilikuwa spoti ya mtu anayeanza, ya mtu wa mshahara wa kawaida. Ilitengenezwa ili iendeshwe: Jumatatu kazini, Jumamosi mlimani. Wala haikuwa adimu. Pamoja na wadogo zake, 260Z na 280Z, kizazi hicho cha kwanza kilitoka kiwandani hadi 1978, magari mamia ya elfu.

Pili, na hili ndilo linatuhusu: jina la gari ile lilipimwa hapa kwetu, ng'ambo ya Ruwenzori.

Mwaka 1953, ili kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, Elizabeth II, watu wa Kenya walianzisha mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Kuna jambo moja la mwanzo wake ambalo kila mnunuzi wa gari angepaswa kulijua: magari hayakugawanywa kwa nguvu za motere. Yaligawanywa kwa bei yake dukani. Yaani swali la mashindano lilikuwa swali la mtu wa kawaida kabisa: wewe uliyeniuzia gari kwa bei hii, hebu tuone itafika wapi kwenye barabara zetu. Ulikuwa uhakiki wa matangazo, ila ulifanyika kwa matope badala ya wino. Barabara hazikufungwa. Ulikutana na lori, ng'ombe, basi la abiria, na mvua ya Pasaka, maana mashindano yaliwekwa Pasaka, wakati masika inapiga.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii na 240Z, akiwa na Hans Schüller pembeni yake. Nyuma yao alifika Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews. Safari ya mwaka ule iliishia sare: Mehta na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walikuwa na alama sawa, na ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo Mehta apewe ushindi. Kilomita zaidi ya elfu tano, kisha watu wawili wanafika sawa. Datsun ndogo, za bei ya chini, ziliyashinda magari yenye majina makubwa kwenye matope haya mekundu tunayoyajua sisi.

Huyo Mehta tumtazame vizuri. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, wa familia yenye mashamba makubwa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilikimbilia Kenya. Mtu aliyepoteza nyumbani mwaka 1972 ndiye aliyeshinda Pasaka ya 1973, na baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Watu wa Oicha hawahitaji kuelezwa maana ya kukimbia na kuanza upya.

Kwa hiyo naona tangazo la dola 310,000 lina tobo kubwa katikati. Linauza gari ambayo haijaguswa, kwa bei iliyojengwa na magari yaliyoguswa hadi kupondeka. Jina lilipatikana kwa jasho la Herrmann, la Mehta, la mafundi waliobadilisha springi usiku kwa mwanga wa tochi. Faida imekwenda kwa gari iliyokuwa imelala chini ya turubai. Sisemi mnunuzi ni mjinga; pesa ni yake. Nasema andiko lile limekata mti kutoka kwenye mizizi yake na kutuuzia maua.

Nissan wenyewe wamejaribu njia mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Marekani, kampuni ilinunua 240Z za zamani, ikazifungua zote, ikazitengeneza na kuziuza tena kwa bei karibu dola 25,000. Hazikufika hamsini, mpango ukaisha. Na ile iliyoshinda mwaka 1971 waliitunza, na mwaka 2013 wafanyakazi wakaitengeneza ili itembee tena. Kwangu mimi hizi ni hakiki bora kuliko ule mnada. Zinasema: gari nzuri ni ile inayoweza kurudi barabarani.

Sasa turudi kwetu.

Sentensi ninayoisoma mara nyingi kuliko zote katika matangazo ya gari, kutoka Butembo hadi hapa Oicha, ni hii: *haijatembea Kongo*. Mnaijua. "Motere iko safi, makaratasi kamili, imevuka Kasindi wiki hii, haijatembea Kongo." Komisionere anaiweka mwishoni kama chumvi, na bei inapanda. Hakuna anayeuliza imetembea wapi basi, na nani aliiendesha, na kwa nini aliiacha. Inaweza kuwa imezunguka Ulaya au Asia nusu ya maisha yake, ikagongwa, ikarudishwa namba za kilomita nyuma. Haidhuru. Ilimradi haijatembea kwetu.

Nisikilizeni vizuri: kama mnunuzi, naelewa. Barabara yetu ni kali. Nambari 4, kutoka Beni kupita hapa hadi Eringeti na kuendelea Komanda, mvua ikinyesha si barabara, ni mtihani. Springi zinalia, mapine yanaisha, vumbi linaingia mpaka kwenye filta ya hewa. Kuuliza gari imeteseka wapi ni akili. Lakini sentensi ile haiulizi. Inahukumu tu. Inasema: sisi ni uchafu, na kitu kikitugusa kinashuka bei.

Tuilinganishe na mnada wa Marekani. Andiko ni lile lile. Kule wanasema "haikutembea", huku tunasema "haijatembea kwetu". Tofauti ni kwamba wao wanakimbia kilomita, sisi tunajikimbia wenyewe. Na hapo kuna kichekesho kichungu: barabara za ukanda huu ndizo zilizothibitisha kwamba Datsun ni gari. Wenzetu wa ng'ambo ya mlima walipata kitu cha kujivunia kutoka kwenye matope yale yale ambayo sisi tunayaona kama aibu.

Mimi ni agronome, kwa hiyo niruhusiwe mfano wa kazi yangu. Mtu akikuletea mbegu za mahindi na kukuambia "zimetunzwa vizuri, hazijaguswa tangu mwaka juzi", humlipi kwa usafi wa mfuko. Unachukua mbegu mia moja, unazipanga kwenye kitambaa kibichi, unakilinda kisikauke, na baada ya wiki moja unahesabu zilizoota. Zikiota tisini, tunaongea bei. Zikiota arobaini, mfuko wake mzuri atabaki nao. Mbegu ina bei kwa sababu ya kile inachoweza kufanya ikikutana na udongo, na kukaa ghalani kila mwezi kunapunguza uwezo huo. Safari ya 1953 ilikuwa kitambaa kibichi cha magari.

Msomaji mmoja makini anaweza kunipinga: je, hakuna mahali pa kutunza vitu bila kuvitumia? Ndiyo, kuna. Sisi wa kilimo tuko na benki za mbegu, ambako mbegu zinakaa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa miaka mingi. Na gari ambayo haijafunguliwa inamfundisha fundi namna kiwanda kilivyofunga kila waya. Bila hiyo, wanaotengeneza zingine wangekuwa wanabahatisha. Hoja hiyo naipokea. Lakini hata benki ya mbegu inatoa chache kila baada ya miaka na kuzijaribu kama bado zinaota, na zikianza kuchoka inazipanda upya shambani. Inatunza kwa ajili ya shamba. Tangazo la dola 310,000 halina shamba ndani yake. Linaahidi mnunuzi kwamba akiendelea kutoitumia, mwenzake atakuja kumlipa zaidi. Uhai wa gari umegeuzwa kuwa hasara.

Kwa nini nawasumbua na haya, ninyi wenye diplome? Kwa sababu tumeanza kujiandika sawa na yale matangazo.

Angalia CV zetu. Nimeombwa na wadogo zangu kadhaa niwasomee zao kabla ya kuzituma, na nimekuta shimo lile lile. Mtu amemaliza licence, tuseme mwaka 2019. Kisha kuna nafasi tupu ya miaka mitatu. Ukimuuliza ana kwa ana, anakuambia: nilikuwa motari. Alibeba watu na kakao kwa piki kati ya Oicha na vijiji vya jirani, katika miaka ambayo kila mmoja wetu anajua ilikuwaje kutoka tu nje ya mji. Alijifunza ni kijiji gani kinavuna wakati gani, mnunuzi gani anadanganya mizani, njia gani inapitika baada ya mvua, mkulima gani alikimbia shamba lake na yuko wapi sasa. Kwa shirika lolote linalotaka kufanya kazi ya kilimo hapa, hiyo ni elimu ambayo hakuna profesa anaweza kuitoa. Lakini kwenye karatasi ameifuta. Anataka aonekane kama ametoka chuo jana. Anataka aonekane hajatembea Kongo.

Dada mmoja aliuza unga sokoni kwa miaka miwili na kulisha wadogo zake wanne waliohamishwa na vita. Kwenye CV yake kuna semina ya siku tatu, haina hata mstari mmoja wa soko. Semina ina cheti. Soko halina.

Siwalaumu. Wanaoajiri nao wamesoma matangazo yale yale. Wanaona miaka ya piki na kufikiri kijana huyu amechakaa. Ndiyo maana nasema tangazo si mchezo. Likirudiwa vya kutosha linakuwa mizani, na mizani mbovu inawapunja hata watu waaminifu.

Najua pia mtu atasema: mateso si cheti. Ni kweli, na sitaki tuanze kuyapamba. Hakuna sifa katika kupigwa na barabara. Gari iliyotembea vibaya bila kutunzwa ni chuma chakavu, iwe imetembea Kongo au Japani. Ninachokisifu ni kutembea na kutengenezwa: kuvunjika springi na kupata fundi, kupoteza mavuno ya msimu na kupanda tena. Historia ya gari nzuri ina sehemu mbili, ilipopita na namna ilivyotunzwa, na tangazo linalofuta ya kwanza linaiba na ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini tangazo lolote la gari, kubwa la Marekani au dogo la kwenye simu yako, naomba tuulize mambo matatu. Imefanya nini? Imevunjika wapi na nani aliitengeneza? Na asubuhi ya baridi, inawaka mara ya kwanza? Kwetu hapa hilo la tatu si anasa. Kuna usiku ambapo gari inayowaka mara ya kwanza ndiyo iliyomtoa mzee au mgonjwa mahali pabaya, na hakuna aliyeuliza ina kilomita ngapi.

Mhakiki anayelaumu tu bila kuonyesha mfano amefanya nusu ya kazi. Basi nimeandika tangazo ambalo mimi ningefurahi kulisoma siku moja hapa Oicha. Muuzaji wake simjui bado, lakini naamini yuko:

*Inauzwa. Corolla, usukani wa kuume. Imetembea Kongo miaka tisa, Oicha–Beni karibu kila siku, Kasindi mara nyingi. Imebeba kakao, mbao, wagonjwa, maharusi wawili, na watu wa kukimbia. Motere imefunguliwa mara moja. Fundi yuko Beni, mnaweza kumuuliza mwenyewe. Kutu iko chini ya mlango wa kushoto, picha ndiyo hiyo. Mapine mawili mapya, mawili yamechoka. Inawaka mara ya kwanza. Bei tutaongea, lakini kilomita sijazipunguza hata moja.*